UZI: MHPG na mabaki mengine ya noradrenalini, je, yanaweza kuonyesha sonona?

Mchemko | #1

Wadau, salaam. Mtu akipewa karatasi ya majibu iliyoandikwa "MHPG: chini" (MHPG ni mojawapo ya mabaki ya noradrenalini, kemikali ya neva ya kupeleka ujumbe), swali lake la kwanza huwa ni kama sasa sonona yake imeonekana kwenye mkojo. Jibu fupi ni hapana. Jibu refu ndilo lenye faida, na ndiyo maana nafungua uzi huu.

Tuanze na njia yenyewe. Seli ya neva hutengeneza noradrenalini kutokana na tairosini, kupitia dopa na dopamini, kisha huihifadhi kwenye vifuko vidogo. Vifuko hivyo huvuja muda wote, hata neva ikiwa imetulia. Noradrenalini iliyovuja, pamoja na ile iliyorudishwa ndani baada ya kuachiliwa, hukutana na kimeng'enya MAO-A kilicho juu ya ukuta wa mitokondria. Hapo hugeuzwa kuwa DHPG. DHPG hutoka nje ya neva, na kimeng'enya cha pili, COMT, huibandika kikundi cha methili. Tunapata MHPG.

Safari haiishii hapo. MHPG inayozunguka kwenye damu hufungwa na salfeti au glukuronidi na kutolewa na figo, na sehemu nyingine kubwa hufika kwenye ini na kugeuzwa kuwa VMA. Kwa hiyo VMA ndiyo kituo cha mwisho cha noradrenalini ya mwili mzima, na MHPG ni kituo cha katikati. Chochote kinachogusa ini hubadilisha mgawanyo kati ya hizo mbili bila ubongo kuhusika hata kidogo.

Shikeni hili: MHPG haipimi noradrenalini iliyofika kwenye sinapsi, yaani kiungo kati ya neva na neva, ikafanya kazi. Inapima mzunguko mzima wa kutengeneza na kuvunja, na sehemu kubwa ya mzunguko huo ni ule uvujaji wa ndani.

---

Mwanagenzi | #2

Asante mkuu. Mbona vitabu vya zamani vinasema MHPG ni dirisha la ubongo, na VMA ni ya mwili? Huo mgawanyo ulitoka wapi?

---

Mchemko | #3

Ulitoka kwenye majaribio ya wanyama na makadirio ya awali kwa binadamu, yaliyodai kwamba zaidi ya nusu ya MHPG ya mkojo inatoka kwenye ubongo. Zama zile jambo hilo lilikuwa na mvuto mkubwa. Mwaka 1965 Joseph Schildkraut alichapisha dhana ya katekolamini (kundi la kemikali lenye noradrenalini na dopamini): sonona, au angalau aina zake kadhaa, inaambatana na upungufu wa noradrenalini mahali inapohitajika kwenye ubongo. Ushahidi wake ulitokana zaidi na dawa. Reserpini humaliza akiba ya vifukoni na ilihusishwa na kushuka kwa hali ya moyo; vizuizi vya MAO na dawa za kundi la imipramini huongeza noradrenalini na kuinua hali hiyo. Dhana ikishakuwepo, kinachotafutwa ni kipimo. Kufikia 1968 Maas na wenzake walikuwa wameripoti MHPG ya chini kwenye mkojo wa baadhi ya wagonjwa wa sonona.

Kisha 1980 Blombery, Kopin na wenzao wakawapa watu MHPG yenye alama ya isotopu na kuifuatilia. Waliona sehemu kubwa yake inageuka VMA. Maana yake ni kwamba VMA nayo hubeba mabaki ya ubongo, na MHPG ya mkojo hutoka zaidi nje ya ubongo: kwenye neva za simpathetiki, zile zinazoandaa mwili kwa dharura, zinazohudumia moyo, mishipa ya damu, figo na viungo vingine. Mchango wa ubongo ukashuka hadi kiasi kidogo, wengi wakikadiria karibu moja ya tano au pungufu.

Mahesabu hayo ndiyo yaliyovunja dirisha. Ukipima mkojo, kwa sehemu kubwa unapima mfumo wa simpathetiki wa mwili.

---

Tabibu wa Akili | #4

Niongeze upande wa wagonjwa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokosea zaidi.

Sonona si kitu kimoja. Mgonjwa aliyelemewa, anayetembea polepole na kulala kutwa hafanani na anayehangaika usiku kucha akisugua mikono. Wasiwasi na kuhangaika hupandisha MHPG. Katika tafiti za mkojo, wenye sonona ya bipola (inayopishana na vipindi vya uchangamfu uliopitiliza) kwa wastani walikuwa na MHPG ya chini kuliko wenye sonona isiyo na bipola. Na wale wasio na bipola walitawanyika: chini, katikati na juu. Ukiwachanganya wote kwenye kapu moja, wastani hauna habari yoyote ya kukupa.

La pili ni dawa, na hapa pana jambo linalowashangaza wanafunzi. Desipramini, dawa ya sonona, huzuia noradrenalini isirudishwe ndani ya neva. Ikikosa kurudi, haikutani na MAO-A, DHPG inashuka, na MHPG inafuata. Tena noradrenalini inayobaki nje hugusa vipokezi vya alfa-2 ambavyo hupunguza kasi ya locus coeruleus, kile kiini kidogo kwenye shina la ubongo kinachosambaza noradrenalini. Vizuizi vya MAO navyo hushusha MHPG moja kwa moja na kupandisha normetanefrini, baki jingine la noradrenalini. Kwa hiyo mgonjwa anapata nafuu huku MHPG yake ikiporomoka. Anayesoma "chini maana yake mgonjwa zaidi" atamsimamisha mtu dawa inayomsaidia.

La tatu ni majaribio ya AMPT, dawa inayozuia hatua ya kwanza ya kutengeneza katekolamini. Watu wazima wenye afya wakipewa hawaingii kwenye sonona. Wagonjwa wa sonona ambao hawako kwenye dawa hawazidiwi kwa namna ya maana. Lakini waliopona kwa desipramini, au dawa nyingine inayogusa noradrenalini, hurudiwa na dalili, huku waliopona kwa dawa za serotonini wakibaki salama kwa kiasi kikubwa. Hii inaonyesha noradrenalini inahitajika ili dawa za aina fulani zifanye kazi. Haionyeshi kwamba upungufu wake peke yake ndio unaoleta ugonjwa.

---

Mtakwimu | #5

Naomba niweke hesabu, maana neno "tofauti ya maana kitakwimu" limepotosha wengi.

Chukua mfano wa kubuni. Makundi mawili, wagonjwa na wasio wagonjwa, yametofautiana kwa 0.4 ya mkengeuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko). Ukiwa na watu wa kutosha, tofauti hiyo itatoka na p ndogo ya kupendeza. Lakini mikunjo miwili ya aina hiyo hulaliana kwa karibu asilimia 84. Ukimchukua mgonjwa mmoja na mzima mmoja bila kuwajua, kipimo kitawapanga sawasawa mara 61 katika 100. Kurusha sarafu kunakupa 50.

Sasa tukipe kipimo upendeleo: kigundue wagonjwa asilimia 70 na kiwaache huru wazima asilimia 70. Ukipime kwa watu 1000 ambao 100 kati yao wana sonona. Utapata majibu chanya 70 ya kweli na 270 ya uongo. Kati ya kila watano walioambiwa "unayo", wanne hawana. Mahojiano mazuri ya dakika 20 na maswali tisa ya PHQ-9 (dodoso la dalili za sonona) yanafanya kazi bora kuliko hiyo, bila chupa ya mkojo.

Linganisha na uvimbe wa tezi ya adrenali unaomwaga katekolamini. Pale metanefrini za plazma (mabaki ya katekolamini kwenye damu) mara nyingi hupanda mara kadhaa juu ya kikomo cha kawaida. Kemia ni ileile na ukoo wa molekuli ni uleule, ila ishara ni kubwa kuliko kelele. Ndiyo maana kipimo kile kinatumika kila siku, na VMA pamoja na HVA (baki la dopamini) hutumika kwa watoto wenye neuroblastoma, saratani ya seli za neva. Kwenye sonona kelele ndiyo kubwa.

---

Tabibu wa Akili | #6

Mtakwimu, hesabu yako naikubali kwa swali la "ana sonona au hana". Swali zito la miaka ya 1970 lilikuwa jingine: kati ya wenye sonona, nani apewe imipramini na nani apewe amitriptilini? MHPG ya chini ilidhaniwa kuonyesha watakaofaidika na imipramini. Hilo halikuwa swali la kijinga, na mpaka leo hatujapata jibu lake zuri kwa kipimo chochote cha damu.

---

Mtakwimu | #7

Kweli, daktari, na swali lenyewe naliheshimu. Lililoliangusha ni kurudiwa kwa tafiti. Tafiti za mwanzo zilikuwa na wagonjwa wachache kila moja, vikomo vya "chini" vilichaguliwa baada ya kuona data, na tafiti zilizofuata hazikukubaliana. Kikomo kilichochaguliwa kwa data ileile inayokipima lazima kionekane kizuri. Atakayerudi kwenye swali hili aandike kikomo chake mapema, kabla ya mgonjwa wa kwanza.

---

Bomba la Sindano | #8

Mimi niseme kuhusu ukusanyaji, kwa sababu majibu mengi ya "chini" huzaliwa chooni kabla maabara haijagusa chochote.

Mkojo wa saa 24: mgonjwa anaamka, tuseme saa 1 asubuhi, anakojoa na kuumwaga huo wa kwanza. Saa inaanza hapo. Kila tone baada ya hapo linaingia kwenye chombo, pamoja na mkojo wa usiku na ule unaotoka wakati wa kwenda haja kubwa, ambao ndio husahaulika zaidi. Kesho yake saa 1 asubuhi anakojoa mara ya mwisho na huo unaingia. Chombo kikae kwenye baridi muda wote. Baada ya hapo changanya vizuri, pima ujazo, gawa kwenye vichupa na ugandishe kwenye nyuzi -20 au chini zaidi.

Angalieni kosa linavyofanya kazi. Mtu ametoa lita 1.8 zenye MHPG miligramu 0.6 kwa lita. Jumla ni miligramu 1.08. Akisahau mililita 600 za mchana, karatasi itasoma 0.72. Mkusanyiko kwa lita haujabadilika, ubongo haujabadilika, ila mtu amekuwa "wa MHPG ya chini".

Dawa ya kosa hili ni kupima kreatinini, taka ya misuli inayotoka kwa kiasi karibu kilekile kila siku, kwenye chombo hichohicho. Mwanaume mzima hutoa takriban miligramu 20 hadi 25 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, mwanamke 15 hadi 20. Mwanaume wa kilo 70 unamtarajia kati ya 1400 na 1750. Ukikuta 700, nusu ya mkojo haipo, na jibu la MHPG halisomwi kabisa. Usilisahihishe kwa kuzidisha mara mbili. Rudia.

Damu: weka kanula, mlaze mgonjwa dakika 20 hadi 30, ndipo uvute. Kusimama na uchungu wa sindano huamsha simpathetiki papo hapo. Tumia chupa ya EDTA, weka kwenye barafu, zungusha kwenye sentrifuji yenye baridi, gandisha plazma kwenye -70 au chini yake. Muda wa siku uwe uleule kwa wote, kwani kiwango hupanda na kushuka kwa mzunguko wa saa 24.

Vya kuuliza kabla: dawa zote za sonona, klonidini (hushusha), yohimbini (hupandisha), metildopa, levodopa, vichangamsho vya aina ya amfetamini, sigara, mazoezi makali, ugonjwa wa figo. Na pia mgonjwa asile ndizi wala vanila siku tatu kabla.

---

Mchemko | #9

Bomba, uko sawa kwa karibu yote, ila ndizi na vanila ni mzigo tulioachiwa na vipimo vya rangi vya VMA vya zamani, vilivyoshindwa kutofautisha VMA na fenoli nyingine za chakula. Ukitumia kromatografia nzuri na unapima MHPG, katazo hilo halina uzito ule.

Uliloliacha ni kubwa kuliko ndizi: pombe. MHPG hugeuzwa VMA kwenye ini kwa kimeng'enya kilekile kinachovunja pombe. Mtu akinywa, pombe inakishughulisha kimeng'enya hicho, MHPG inakosa njia, VMA inashuka na MHPG inapanda. Katika kundi la wagonjwa wa sonona, ambamo unywaji ni jambo la kawaida, hili peke yake linaweza kufuta tofauti unayoitafuta.

---

Bomba la Sindano | #10

Nimepokea, na ndizi naziondoa. Pombe iandikwe mstari wa kwanza kwenye fomu.

---

Mwanagenzi | #11

Upande wa maabara je? Kuna mtu anaweza kueleza kwa nini maabara mbili zinatoa namba tofauti kwa mkojo uleule?

---

Mchemko | #12

Sababu kubwa ni hatua ya kufungua vifungo. Kwenye mkojo karibu MHPG yote imefungwa na salfeti au glukuronidi. Kuifungua kwa kuchemsha kwenye asidi huiharibu MHPG yenyewe, ndiyo maana hutumika vimeng'enya, mara nyingi vya konokono Helix pomatia, vyenye salfatesi na glukuronidesi pamoja. Kwa kawaida ni bafa ya asetati yenye pH karibu 5, nyuzi 37, usiku mzima.

Hapa kuna mtego. Salfatesi hiyo huzuiwa na fosfeti na salfeti, na mkojo umejaa zote mbili. Ukitumia bafa ya fosfeti umejifunga mwenyewe. Mkojo mzito wa asubuhi utafunguka kidogo kuliko mkojo mwepesi, na utadhani umepata tofauti ya kibiolojia. Punguza mkojo kwa maji au bafa kwanza. Ukiongeza kihifadhi, hasa cha salfaiti, kijaribu kwanza kwenye sampuli ya udhibiti, kwa sababu salfaiti nayo huzuia salfatesi.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu haujionyeshi. Watu huongeza kipimio cha ndani, yaani MHPG yenye deuteriamu, mwanzoni, wakaona kinarudi asilimia 95 na kuridhika. Kipimio hicho ni huru, hakijafungwa. Kitarudi vizuri hata kama kimeng'enya kimekufa kabisa. Lazima pawe na kichupa cha udhibiti chenye MHPG-salfeti halisi ya kiasi kinachojulikana, kipite njia yote. Kisipofunguka, kundi zima la sampuli linarudiwa.

Kwenye HPLC (kromatografia ya kimiminika) ya elektrokemia kuna tatizo jingine. MHPG haina chaji, kwa hiyo kubadilisha pH ya kiyeyushi au kuongeza kiunganishi cha ioni hakuisogezi sana. Kwenye safu ya C18 hutoka mapema, palepale kwenye msongamano wa vilele. Tena kikundi chake cha methili kinaifanya ihitaji volti kubwa kuliko katekoli ili ioksidishwe, na kadiri unavyopandisha volti ndivyo takataka nyingi zinavyoonekana. Punguza methanoli kwenye kiyeyushi ili ichelewe kutoka, safisha sampuli kwa etili asetati au safu ya uchujaji, na ukiwa na spektrometa ya masi itumie.

Mwisho, vizio. Uzito wa molekuli ni 184.2. Miligramu 1.5 kwa siku ni maikromoli 8.1. Kwenye plazma nanogramu 1 kwa mililita ni nanomoli 5.4 kwa lita. Uliza pia kama plazma ni MHPG huru au jumla, maana namba hizo mbili hazilinganishwi.

---

Mwanagenzi | #13

Basi tuache mkojo, twende kwenye maji ya uti wa mgongo. Si yako karibu na ubongo?

---

Mchemko | #14

Yako karibu, lakini MHPG huru hupita ukuta wa damu na ubongo kwa urahisi, kwenda na kurudi. Kwa hiyo maji ya uti wa mgongo hubeba MHPG ya damu pia. Kopin na wenzake walipendekeza kutoa sehemu hiyo: MHPG ya uti wa mgongo, toa 0.9 mara MHPG huru ya plazma.

Wagonjwa wawili wana nanogramu 9 kwa mililita kwenye uti wa mgongo. Wa kwanza plazma yake ni 4: 9 toa 3.6, inabaki 5.4. Wa pili plazma yake ni 6.5: 9 toa 5.85, inabaki 3.15. Kwenye karatasi walikuwa sawa kabisa. Ukichoma uti wa mgongo bila kuvuta damu wakati uleule, umemwumiza mtu kwa namba isiyosomeka.

---

Tabibu wa Akili | #15

Na hata ukifanya yote vizuri, majibu hayaelekei upande mmoja. Mwaka 2000 kundi la Lambert lilivuta damu kwenye mshipa wa shingo unaotoka ubongoni kwa wagonjwa wa sonona sugu, wakakuta noradrenalini inayotoka kwenye ubongo imepungua. Mwaka huohuo Wong na wenzake walipima noradrenalini ya uti wa mgongo saa hadi saa kwa wenye melankolia kali (aina nzito ya sonona), wakakuta imepanda usiku na mchana. Sioni sababu ya kuchagua mmoja na kumtupa mwingine. Wagonjwa walikuwa tofauti na kilichopimwa kilikuwa tofauti.

---

Mtakwimu | #16

Mahali ambapo vipimo hivi vinafaa kweli ni kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe, kabla na baada ya dawa. Ukitaka kujua kama dozi fulani inazuia kweli urejeshaji wa noradrenalini au MAO-A, DHPG ya plazma hushuka waziwazi, na ni ishara ya karibu zaidi kuliko MHPG kwa kuwa hutengenezwa ndani ya neva yenyewe. Tofauti za kuzaliwa kati ya watu zinajifuta. Kwa majaribio ya dawa mpya hiki ni chombo kizuri, na inasikitisha kinavyosahauliwa kwa sababu tu kilishindwa kazi ya utambuzi.

---

Mwanagenzi | #17

Swali la mwisho. Mgonjwa akija na karatasi inayosema miligramu 0.7 kwa saa 24, mnaanzia wapi?

---

Tabibu wa Akili | #18

Kreatinini na ujazo kwanza, kama alivyoeleza Bomba. Visipokuwepo kwenye karatasi, jibu limeishia hapo. Kisha orodha ya dawa: akiwa kwenye kizuizi cha MAO, desipramini, venlafaksini au klonidini, 0.7 ni dawa inayofanya kazi yake. Kisha figo.

Baada ya hapo naiweka karatasi kando na kuuliza kuhusu usingizi, hamu ya kula, mawazo ya kujiua, na kama amewahi kuwa na siku za uchangamfu uliopitiliza, kwa sababu hilo la mwisho ndilo linalobadilisha matibabu. Na asithubutu kuacha dawa ili apime tena "akiwa safi". Fluoksetini ingehitaji wiki tano hivi kutoka mwilini, kizuizi cha MAO kisichoachia kingehitaji wiki mbili ili kimeng'enya kijijenge upya, na katika wiki hizo sonona inaweza kurudi kwa nguvu. Hakuna uamuzi wa matibabu unaongoja namba hiyo.